Jumapili Walipopotea Masharubu na Kipara

Jumapili hiyo watu wa Mubi walitoka misani wakaenda moja kwa moja kwa Déo kutazama kipindi cha magari. Déo alikuwa na jenereta, parabole ya kunasia picha na televisheni kubwa, na kwa vitu hivyo vitatu aliheshimiwa kuliko chefu wa Mubi. Kanyere alikaa benchi la pili, na kando yake akaweka kofia ya mumewe. Hakuna aliyethubutu kuikalia nafasi ile.

Mumewe, Mumbere, alikuwa dereva wa lori lake mwenyewe. Aliondoka na mafuta ya mawese kuelekea Masisi wakati vita vilipotulia kidogo, vikaamka akiwa njiani. Lori lilipatikana baadaye, milango wazi, mzigo hakuna, dereva hakuna. Damu pia haikuonekana, na hilo ndilo lililomtesa Kanyere. Maiti huliliwa, msafiri hungojwa; yeye hakujua ashike lipi. Basi kila Jumapili, wakati wa maombi, katekista Apollinaire alimtaja Mumbere miongoni mwa wasafiri, na kila Jumapili shemeji yake Kataliko alinuna.

Kataliko, ambaye katika methali zote alijua moja tu, ile ya mngojangoja kuumia tumbo, alitaka kaka yake atajwe pamoja na marehemu. Watu walie, matanga yaishe, mambo ya ukoo yaendelee. Mambo ya ukoo yalikuwa lori, nyumba, na Kanyere mwenyewe, ingawa hilo la tatu alilisema huku akikohoa. Asubuhi hiyo, mlangoni mwa kanisa, alikuwa ametoa neno lake la mwisho.

"Shemeji, Jumapili yenye kuja atasomwa na wafu. Miye nimechoka."

Kanyere alimpita tu. Alitaka kwanza acheke. Kipindi kile alikipenda kwa sababu Mumbere alikipenda: wazee wawili wa Kizungu, ambao Mubi iliwabatiza Masharubu na Kipara, miaka nenda rudi wakizamisha magari ya bei kwenye matope na kutupiana maneno. Mumbere alikuwa akicheka mpaka machozi. "Angalia hawa! Wanapanda ndege kutafuta matope, na siye tuko nayo ya bure!"

Muziki ukalia, uleule. Lakini waliotokea walikuwa kijana mmoja mwenye meno mazuri na dada mrefu. Watu wakadhani ni wageni, wakangoja. Kipindi kikafika katikati, Masharubu hakuna, Kipara hakuna, na wale wawili wanajichekea kama wenye nyumba.

"Déo, weka chaîne yenyewe!" wakapiga kelele, wakidhani amekosea stesheni.

"Njo yenyewe hii!" Déo akajibu, naye ameduwaa.

"Sasa wale wazee iko wapi?"

"Walikufa," akasema mmoja. "Ao waliwakamata ku bariere ya askari," akasema mwingine. Mama mmoja akauliza kwa uchungu wa kweli, "Na hawa wanaikala mu fasi yao mbele ya kilio? Hawana ukoo?"

Kuna wanaosema kwamba waliozoea vita hawashtuki mtu akipotea. Waongo wakubwa. Siku ile hakuna aliyecheka, na Déo akazima jenereta kabla kipindi hakijaisha. Kanyere alikuwa amemtazama kijana yule nyuma ya usukani wa Masharubu, akamwona Kataliko kwenye usukani wa Mumbere, na tumbo likamuuma.

Alhamisi, Déo akapita sokoni mbio, ndara moja mguuni, nyingine mkononi. "Nimewaona! Wako wazima!" Watu wakaacha biashara zao. Kanyere akaacha chumvi yake bila mlinzi.

Kwa Déo, kweli walikuwapo kwenye televisheni, chaîne nyingine, kipindi chenye jina lingine. Masharubu amenenepa. Kipara ana koti jipya. Matope magotini, vicheko vilevile. Déo alikuwa amempigia simu binamu yake wa Butembo, naye akampa habari yote. "Waligombana tu na patron yao wa kazi, wakaenda zao!" Vigelegele vikapigwa.

Kanyere naye alianza kigelegele, akakikatiza.

Zamani kidogo Rosalie, muuza maharagwe, alirudi kutoka Kingi, karibu na Masisi, akasema amemwona Mumbere huko akipakia viazi, anacheka na watu. Kanyere alimfukuza mezani pake. "Kama Mumbere iko muzima, angekuwa hapa!" Maneno hayo ndiyo aliyolalia na kuamkia tangu siku ile. Sasa alimtazama Kipara: mzima, anacheka, na hayupo pale alipongojwa. Hakuna risasi, hakuna kamba. Kaondoka tu.

Afurahi au alie? Moyo ulimwambia mshukuru Mungu. Moyo huohuo ukamwambia heri Mumbere angekuwa maiti, na Kanyere akaona aibu mbele ya wote, ingawa hakuna aliyekuwa akimwangalia.

Jumapili, kabla ya misa, Apollinaire alisimama mlangoni mwa kanisa. Kataliko alikuwa kando yake, shati jeusi limepigwa pasi.

"Mama Kanyere, leo nimutaje wapi? Na wafu ao na wasafiri?"

"Usimutaje fasi yoyote, Papa."

Kataliko akaruka. "Sasa iko nini? Amekufa ao iko muzima?"

"Sijuwe, shemeji. Nilikuwa najua kidogo, sasa sijuwe hata kidogo." Akamgeukia katekista. "Kwa wasafiri utaje jina yangu. Ninaenda Kingi."

Pikipiki ilikuwa ikimngoja. Kanyere akapanda, kofia ya Mumbere ameikumbatia kifuani. Kengele ilipolia walikuwa wameshafika barabarani, na mwenye pikipiki akamwuliza anamfuata nani huko mbali, na njia zenyewe hizi. Kanyere akafungua mdomo ajibu, akakuta hajui kama anakwenda kumchukua mume, au kumrudishia mtu kofia yake.