Nilichokifuta kwenye Simu ya Dada

Mimi nina ugomvi wa siku nyingi na watengenezaji wa simu. Mtu ananunua simu kwa jasho lake, anaiwasha, anakuta imejaa vitu ambavyo hakuviomba: mchezo wa pipi, kalenda mbili, duka la nyimbo za nchi asiyoijua, na programu ya kuhesabu hatua kwa mtu anayeshinda amekaa kitini. Akitaka kuzifuta, simu inamkatalia. Kitufe cha kufuta hakipo kabisa. Hapo ndipo damu yangu huchemka, na hapo ndipo wateja wanaponipendea, maana mimi naziondoa zote.

Namna yenyewe si siri. Sisi mafundi tunaita kuiruti simu. Kwa kawaida kiwanda kinakupangisha tu. Wewe ni mpangaji, huruhusiwi hata kupigilia msumari ukutani. Ukishairuti, unakuwa mwenye nyumba. Unaweza kubomoa ukuta wowote unaotaka, na hakuna wa kukuuliza ukuta huo ulikuwa umebeba nini. Miaka sita nilikuwa nabomoa kuta za watu na paa halijawahi kuniangukia, basi nikavimba kichwa.

Asubuhi ile aliyeleta simu alikuwa dada yangu. Mtaani wanamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi, na hata sisi nyumbani tumeshazoea. Chiriku haoni tangu akiwa na miaka tisa. Usijaribu kumwonea huruma, atakuchamba mpaka utafute njia ya kutokea. Anaishi kwake, anapika mwenyewe, na akienda kununua nguo anabishana na muuzaji kuhusu rangi asizoziona, na mara nyingi muuzaji ndiye anayeshindwa.

Kituo cha redio kiko ghorofa ya pili, katika jengo linalotazamana na duka langu. Mkuu wa kituo alikuwa amempa Chiriku wiki moja ya majaribio ya utangazaji, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho. Sharti lilikuwa moja tu: asome taarifa na matangazo ya saa nne peke yake, bila mtu wa kumsomea pembeni. Kiti ni kimoja, mkuu alisema, na mtu ni mmoja.

Na alikuwa anaweza. Chiriku anasoma kwa sikio. Anaweka spika ndogo kwenye sikio la kushoto, simu inamsomea maandishi kwa kasi ambayo mimi na wewe tungesikia kama mahindi yanayopasuka kwenye sufuria, naye anayatamka hewani kwa sauti ya utulivu huku sikio limeshaibeba sentensi inayofuata. Siku nne mfululizo alisoma hivyo bila kukwama. Wasikilizaji wengi hawakujua kwamba haoni, na waliojua hawakuamini.

"Mdogo wangu, simu inasuasua," aliniambia akiiweka mezani. "Jana imenikatia neno katikati mara mbili. Imejaa. Nisafishie, ila saa tatu na nusu niwe nayo mkononi."

"Utaipata nyepesi kama unyoya."

"Unyoya nitaupeleka wapi? Nataka isome."

Kabla ya kuniachia alisikiliza taarifa na matangazo ya saa nne, ambayo wiki ile yalikuwa yanatumwa moja kwa moja kwenye simu yake. Aliyasikiliza mara moja, chapuchapu. Kisha akakunjua fimbo yake akaenda kunywa chai duka la pili.

Sasa, simu ya Chiriku ina tabia moja: ukiigusa popote inapiga domo. Unagusa saa, inakutajia saa. Unagusa betri, inakutajia betri. Dakika tano za kelele hiyo zilinichosha. Nikakizima kisomaji cha skrini, yaani ile programu inayochukua maandishi unayogusa ili yasomwe kwa sauti, nikafungulia redio yangu muziki, nikaanza kazi kwa raha zangu. Ni kosa ambalo mtu anayeona tu ndiye angeweza kulifanya, na mimi nililifanya nikipiga mluzi.

Programu zilikuwa thelathini na nane nilipomaliza kuchagua za kung'oa. Mchezo wa pipi nje. Kalenda ya pili nje. Kisomaji sikukigusa, mimi si mwendawazimu. Chini kabisa kulikuwa na moja yenye jina refu la kigeni, na kumbukumbu ya simu ilionyesha kwamba haijafunguliwa hata mara moja tangu siku simu iliponunuliwa. Miaka mitatu imekaa humo haijafunguliwa na mtu, inakula nafasi ya nini? Niliing'oa pamoja na wenzake. Nakala sikuweka, kwa sababu nakala nazo zinajaza kompyuta.

Halafu nilikiwasha tena kisomaji. Kikatokea kile kifremu cha kijani kinachozunguka neno unalogusa. Nikatelezesha kidole, kifremu kikahama vizuri, upesi kuliko zamani. Muziki ulikuwa juu, na macho yangu yalikuwa yameridhika, kwa hiyo sikuona haja ya kuisogeza simu sikioni.

"Umeijaribu?" Chiriku aliuliza aliporudi.

"Nimejaribu kila kitu."

Saa nne ilikuwa imekaribia, hakuwa na muda wa kuijaribu mwenyewe. Aliitumbukiza kwenye mkoba, akanipiga bega kwa kunishukuru, akavuka barabara. Sikumwona tena mpaka mambo yalipoharibika.

Saa nne kamili muziki wa kituo ulilia, kisha sauti ya dada yangu ikajaa duka. Aliwasalimu wasikilizaji, akataja kituo na saa. Hayo anayajua kwa kichwa. Kisha ukaingia kimya.

Redioni kimya cha sekunde tano ni kirefu kuliko unavyodhani. Mteja aliyekuwa amesimama mbele yangu aliitazama redio kana kwamba imezimika. Mimi niliweka bisibisi chini nikaongeza sauti ya redio, kwa kuwa katika maisha yangu sijawahi kusikia Chiriku akikaa sekunde tano bila kusema.

Akaanza. Lakini hakuwa anasoma. Sentensi zilikuwa fupi, na kila baada ya moja alivuta pumzi. Barabara ya juu itafungwa kesho kwa matengenezo. Shule zitafunguliwa wiki ijayo. Alikuwa anatoa kichwani yale aliyoyasikia mara moja asubuhi, na mimi peke yangu katika mtaa mzima ndiye niliyejua. Niliigeukia kompyuta, nikafungua orodha ya nilivyong'oa, nikalitafuta lile jina refu na kusoma maelezo yake kwa mara ya kwanza. Ilikuwa programu ya matamshi. Haifunguliwi na mtu kwa sababu hakuna cha kufungua. Kisomaji ndicho kinachoiita, kila neno, kutwa kucha. Kisomaji nilichokiacha kilikuwa mdomo. Nilichofuta kilikuwa koo.

Nilimwacha mteja na simu yake wazi mezani, nikavuka barabara bila kutazama magari, nikapanda ngazi mbili mbili. Kule juu wananijua, simu zao zote zimepita mikononi mwangu, kwa hiyo hakuna aliyenizuia. Mkuu wa kituo alikuwa nyuma ya kioo, mikono kifuani. Fundi mitambo alikuwa ameweka wimbo, akaninyooshea vidole vitatu. Dakika tatu.

Chiriku alikuwa ameketi mbele ya kipaza sauti, kidole chake kikitelezatelezea kioo cha simu. Kifremu cha kijani kilikuwa kinamfuata kwa utiifu wote. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na sijawahi kumwona dada yangu akitoka jasho kwa woga.

"Ni wewe?" alinong'ona.

"Ni mimi."

"Imekufa?"

"Haijafa. Nimeiondolea sauti. Sikujua, Dada. Nilidhani takataka."

Hakunitukana. Heri angenitukana. "Irudishe," alisema.

Niliichukua nikajaribu kuingia kwenye duka la programu ili niipakue upya. Duka likafunguka, likajifunga. Nikajaribu tena, likajifunga tena. Miongoni mwa zile thelathini na nane kulikuwa na kitu kilicholishikilia duka lenyewe, na mimi nilikuwa nimekichomoa kama msumari uliochomoza.

"Itachukua muda gani?"

"Saa nzima. Lazima nikaichomeke kwenye kompyuta, niirudishie mfumo wote."

Wimbo ulikuwa unaelekea mwisho. "Basi kaa pale ukutani na usifungue mdomo," alisema. "Limebaki tangazo moja. Mkuu akikuona unanisomea, nimekwisha. Umenisikia?"

Nilirudi ukutani nikiwa bado nimeishika simu. Taa nyekundu ikawaka.

"Mama mmoja anatuomba msaada," Chiriku alisema hewani, na sauti yake ilikuwa imetulia kiasi kwamba nilitaka kulia. "Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka mitano, ameonekana mara ya mwisho leo alfajiri karibu na kituo cha mabasi. Amevaa sweta ya njano na kiatu kimoja. Ana kovu juu ya jicho la kulia. Hasemi vizuri, lakini ukimwita mdogo mdogo, kwa upole, atakuja. Yeyote atakayemwona apige simu kwa mama yake, namba..."

Kimya kikaingia tena.

Kovu alikuwa amelikumbuka, na kiatu kimoja, na hata namna ya kumwita. Lakini tarakimu kumi ulizozisikia mara moja kabla ya chai, nani anazishika? Niliitazama simu. Tangazo lilikuwa wazi kwenye kioo, namba imekaa pale kwa herufi nene. Angeweza kusema mtoto aletwe kituoni. Angeweza kusema namba itatolewa baadaye. Mkuu nyuma ya kioo alikuwa ameinama mbele, anasubiri, na niliona midomo yake ikihesabu sekunde.

Chiriku aligeuza uso kuelekea ukutani nilipo, akanyoosha mkono.

"Wasikilizaji, namba sinayo kichwani, na sitabahatisha namba ya mama anayemtafuta mwanawe," alisema. "Ndugu yangu yuko hapa chumbani. Fundi, njoo unisomee."

Nilifika mezani, nikasoma tarakimu moja baada ya nyingine, naye akairudia kila moja kwa sauti kavu, safi. Kisha akaniamuru, hewani hivyo hivyo, niisome upya, na akairudia yote mara ya pili. Akawatakia wasikilizaji asubuhi njema. Taa ikazimika.

Mkuu alitusubiri koridoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Sauti nzuri sana, Chiriku. Lakini tulikubaliana."

"Tulikubaliana," dada alijibu.

Hapo mimi nikafungulia bomba la maneno. Nikamweleza mkuu habari ya kuiruti simu, ya programu ya matamshi, ya duka lililogoma. Nikasema kosa ni langu asilimia mia, anipe mpaka kesho, amjaribu tena kesho. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nakuamini, fundi," alisema. "Ila niambie. Siku simu yake ikinyamaza tena, kwa kosa la mtu yeyote, mimi kwenye kile kiti nitakuwa na nani?"

Nilimtazama dada nikisubiri jibu lake. Huyu ni mtu aliyewahi kumjibu mwalimu mkuu, daktari, na polisi wa barabarani, wote kwa siku moja. Alikuwa anaukunjakunja waya wa spika ya sikioni kuzunguka vidole vyake, taratibu. Mkuu alisubiri kidogo, akamshika mkono kwa heshima, akamwambia atampigia, kwa ile sauti ambayo watu wakubwa huitumia wakiwa hawatapiga.

Kwenye ngazi nilimpa kiwiko. Hakukishika. Alikunjua fimbo yake akaanza kushuka mwenyewe, nami nikamfuata nyuma nikiwa na simu yake mfukoni. Alipofika chini alisimama mpaka akasikia nyayo zangu zimefika karibu.

"Rudisha kila ulichotoa," alisema bila kugeuka. "Mchezo wa pipi, kalenda, vyote. Hata vile usivyovijua. Hasa hivyo."

Kisha akavuka barabara akisikilizia magari, na mimi, niliyeivuka asubuhi bila kutazama, nikabaki ng'ambo nikisubiri magari yapite.