Mashine Iliyosubiri Marahaba

Jumanne asubuhi Bi Mwamvita wa Kipawa aliamka akaikuta roboti imesimama kando ya kitanda, mikono imeinyoosha.

"Shikamoo, mama."

Akageukia ukutani.

Ilitoka Maskati kwa meli, ndani ya kontena la majokofu ya mitumba, mwaka ule kila kibaraza kilipogeuka duka la vitu vya nje. Aliyeituma ni binti yake, Zubeda, baada ya mama kuvunjika nyonga. Ilijua kupika uji, kufua na kumbeba mtu hadi chooni. Ila ilifunzwa adabu: bila kuitikiwa salamu, haigusi mtu wala sufuria.

Barua ya Zubeda ilikuwa chini ya mto. Ukiikubali, mama, nitaendelea na kazi huku. Ikifika adhuhuri ya Ijumaa hujaikubali, napanda ndege nije kukuuguza mwenyewe.

Zubeda alikuwa hajaja kwa miaka tisa. Bi Mwamvita akaamua kuingoja Ijumaa.

Jirani yake, Bi Hamisa, alileta uji na beseni, lakini mgongo wake haukuweza kunyanyua mtu.

"Iitikie, shoga. Neno moja tu! Utaozea hapo."

"Mie sijazaa bati."

"Hilo bati lina adabu kuliko wa kwako na wa kwangu wote."

Akacheka peke yake. Akitoka, aliiomba mashine radhi kwa kuipita mbele.

Jumatano shuka lililowa. Alhamisi kiuno kilianza kuchubuka. Mashine ilisalimia kila saa, na vidole vyake vikaanza kuota kutu.

Ijumaa, dakika chache kabla ya adhana ya adhuhuri, ilipiga magoti. Ikasalimia kwa sauti ya Zubeda wa miaka saba, jino la mbele limeng'oka, upepo ukipenya pengoni.

"Thikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bi Mwamvita, kabla hajajua kwamba amefungua mdomo.

Mashine ikamnyanyua bila kumuumiza. Mikono yake ilikuwa na joto. Ikamwogesha, ikatandika shuka kavu, ikabandika uji.

Maskati, neno lile, lililopelekwa na mashine, lilimfikia Zubeda jikoni kwa tajiri wake, akiwa anafunga sanduku. Alilisikia vizuri. Akazitoa nguo moja moja, akazirudisha kabatini.

Jioni Bi Hamisa alimkuta mwenzake barazani, msafi, amevaa kanga mpya.

"Umeitikia?"

"Nimeitikia."

Bi Hamisa akasogeza kigoda chake ili mashine nayo ipate pa kukaa. Ndege ya Maskati ikapita chini chini juu ya mapaa, ikielekea uwanjani. Bi Mwamvita hakuinua kichwa. Mashine iliinua.