Neno Lisilo na Uzito

Jumanne saa nane mchana, binti mmoja, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, aliandika "likizo" kwenye mtambo wa kutafutia aliokuwa akiujenga, akabonyeza kitufe, akaenda kupanga viti. Baada ya sekunde nne waliingia watu tisa wenye ovaroli za kiwanda cha saruji, wale walioliandika neno hilo kwenye barua zao. Walikaa kwa mpangilio: anayehusika zaidi dirishani, anayehusika kidogo mlangoni, kwenye kiti kibovu. Wengi wao walikuwa marehemu. Mhudumu wa maabara aliwaomba wafute miguu, maana ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kupiga deki.

Kiwanda kilitoa barua elfu nne za malalamiko ya wafanyakazi kwa ajili ya utafiti, kwa sharti kwamba mtambo ukikamilika kipewe. Mwanafunzi aliziomba mwenyewe. Baba yake alifanya kazi pale miaka kumi na tisa, akaandika barua moja kuhusu kifua chake, akafa bila kujibiwa. Mama yake alitaka kujua jambo moja tu, kama kuna mtu aliyewahi kuisoma.

Basi akaandika "kikohozi." Hakuingia mtu. Akaandika tena, viti vikabaki vitupu.

"Umelitupa mwenyewe," alisema msimamizi wake, ambaye wanafunzi walimwita Desimali kwa jinsi alivyopenda nukta. "Neno lililomo kwenye kila barua halitofautishi barua na barua. Uzito wake sifuri. Hatukusoma hilo wiki ya pili?"

"Tulisoma, mwalimu."

Ilikuwa kweli. Orodha ya maneno ya kutupwa ilitengenezwa na kompyuta, naye akaipitisha bila kuisoma, kama wanavyofanya wote. Kikohozi kilikuwa kati ya "katika" na "kila."

Akalirudisha. Wakaja wote elfu nne. Walijaa maabara, korido na ngazi hadi kwenye maegesho ya magari, wakikohoa, na kwa kuwa wote walihusika sawasawa hakuna aliyejua akae wapi. Alimtafuta baba yake kwa saa mbili, akaishia ghorofa ya pili bila kumwona. Mhudumu aligeuza ndoo akaikalia, kwa kuwa deki haikuwa na maana tena.

"Mtambo unaoleta kila mtu haujaleta mtu," alisema Desimali. "Ukiutetea hivi utafeli. Litoe."

"Lakini wengi wape, mwalimu."

"Hiyo ni kwenye kura. Huku wengi ni kelele."

Akalitoa. Ilimuuma, na hakumficha mtu kwamba ilimuuma.

Siku ya utetezi wa tasnifu, mtahini wa nje aliomba kujaribu neno adimu. Akachagua "baiskeli." Aliingia mtu mmoja, akakaa dirishani. Alikuwa baba wa mwanafunzi, amekonda kuliko siku alipozikwa. Binti alimwamkia, naye akaitikia kwa kichwa kwa sababu kikohozi hakikumpa nafasi. Barua ilitokea ukutani: "Kwa sababu ya kikohozi siwezi tena kuisukuma baiskeli hadi lango kuu. Naomba niwe naiacha lango la nyuma."

Mtahini alingoja kikohozi kitulie. Alipoona hakitulii, akauliza, "Mzee, barua yako inahusu baiskeli?"

Baba alimtazama bintiye, akaitazama karatasi ya alama iliyokuwa mezani.

"Imo," alisema.

Mtahini akaweka tiki. Usahihi ulikuwa kamili, moja nukta sifuri sifuri, na Desimali akapiga makofi.

Mwezi uliofuata kiwanda kiliusimika mtambo ofisini. Wakaguzi wa afya walipofika, meneja aliandika "kikohozi" mbele yao. Walingoja kwa adabu dakika tano, hakuja mtu, wakasaini.

Siku ya mahafali binti alimkuta mama yake nyumbani akikunja nguo.

"Barua ya baba yako imesomwa?"

"Imesomwa, mama."

"Wamesemaje?"

"Wamesema ni ya baiskeli."

Mama alimaliza kukunja shati, akaliweka juu ya mengine.

"Na hiyo baiskeli aliisukuma hadi lango kuu mpaka siku ya mwisho," alisema.