Kuvunja Pua ya Piramidi

Mimi ni Kutz, mwashi mkuu wa mji wa Yaxnal, na nikisema ukuta utasimama, utasimama. Kwetu piramidi ya zamani haibomolewi, inafunikwa kwa mpya. Hii niliyopewa mimi tayari ilikuwa na mbili tumboni. Mpango wangu ulikuwa kuizungushia vyumba vidogo vya kuta kavu zisizo na chokaa, nivijaze mawe kimoja baada ya kingine, kisha nijenge ngazi kali kiasi kwamba anayeshuka hathubutu kumpa mungu mgongo. Mshindani wangu, Tzab, alitaka kumwaga mawe ovyo ili amalize mapema. Mvua mbili tu, piramidi ya Tzab ingetoa kitambi.

Lakini piramidi ya zamani ni nyumba ya mungu, na nyumba haifukiwi ikiwa hai. Kando ya ngazi yake kuna uso mkubwa wa mungu wa jua, wa lipu nyekundu. Uso huo lazima uvunjwe pua ili uache kupumua, na anayeuvunja ni mtoto wa fundi aliyeutengeneza. Kazi hufanywa siku ile jua linaposimama utosini na kijiti hakina kivuli. Kivuli kikizaliwa tena na pua bado nzima, nyumba imekataa, na ujenzi hupewa fundi mwingine. Fundi mwingine ndiye Tzab.

Uso huo aliutengeneza baba yangu, Muwan. Majivuno yangu sikuyaokota njiani. Kwa miaka arobaini mzee huyo alikuwa akiwaleta vijana pale na kuwaambia, "Tafuteni kasoro. Chukueni siku nzima."

Siku yenyewe ilipofika, uwanja ulifurika watu. Nilishika shoka la gumegume, nikapiga. Lipu ililia kama chungu kizima. Nikapiga tena. Mara ya tatu ncha ya shoka ikaruka.

"Kutz, unapiga au unapapasa?" Tzab alipaza sauti kutoka chini. "Huyo si mkeo!"

"Kaa kimya, mmwaga kokoto!"

Watu walicheka, nami nikacheka nao, lakini kuhani hakucheka. Alikuwa ameinamia kijiti chake, na kivuli kilikuwa kimebaki upana wa kucha moja kiishe na kuzaliwa upya.

Baba akaanza kupanda ngazi, mikono magotini, akihema.

"Baba, shuka. Wanaleta shoka jingine."

"Hata walete kumi. Piga hapa, chini ya tundu la kushoto."

"Kwa nini hapo?"

Akasogea karibu. "Siku ile nilipoutengeneza, mvua ilikuwa inakuja. Chokaa ilikuwa haijaiva, nami nilikuwa na haraka. Nikaipaka hivyo hivyo, nikaifunika."

Nilimtazama. Sikuwahi kumsikia akisema neno "haraka" ila anapowakemea wengine.

"Wataona, baba."

"Si wana macho? Piga, mwanangu. Kijiti hakingoji."

Nikapiga hapo. Pua ilidondoka nzima, ikaviringika hadi chini. Kwenye jeraha kulikuwa na donge la chokaa mbichi, jeupe, likimomonyoka lenyewe.

"Kumbe!" Tzab akapiga makofi. "Miaka arobaini mzee anatuuzia mbuzi kwenye gunia!"

Baba aligeuka akawatazama watu wote. "Ni kosa langu," alisema kwa sauti. "Mimi Muwan. Nililificha, na mnaliona."

Hakuna aliyecheka. Kuhani aliinua mkono, akatangaza kuwa nyumba imekufa na kazi ni ya Kutz. Nilikuwa nimeshinda, na nilitaka kulia. Sijawahi kumpenda baba kama nilivyompenda pale.

Tukaufunika uso kwa udongo laini, sisi wawili, kwa mikono.

"Na lako?" akauliza.

"Langu lipi?"

"Kosa. Msingi umeshaweka."

Nilifungua mdomo nimwambie halipo. Sikuweza.

"Kona ya kusini, safu ya pili," nikasema. "Jiwe lilipasuka. Nikaliunga vipande, nikalipaka lipu juu."

"Nani anajua?"

"Wewe."

"Mimi nina siku ngapi? Mwambie mwanao, atakayekuja kuivunja kazi yako."

Binti yangu Sak, fundi wa lipu, alikuwa kwenye tanuri la chokaa. Nilimwita, nikamwongoza hadi kona ya kusini, nikaushika mkono wake na kuuweka juu ya lile jiwe.