Maporomoko Yaliyohama Sebuleni

Maporomoko yale yaliingia nyumbani kwa fundi cherehani yakiwa yamefungwa blanketi, yamebebwa na wanaume wawili, na nyuma yao wifi mtu akitoa amri. Ilikuwa zawadi yake ya kuwakaribisha kwenye nyumba mpya. Picha pana kuliko meza ya kulia, fremu ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu, na ndani yake mlima, msitu na maji. Ukiichomeka kwenye umeme, taa ya ndani inazunguka na maji yanaonekana yanamwagika kweli. Juu ya hayo yote, ndege wanalia. Palikuwa na swichi ya kuwanyamazisha, ila ilikufa wiki ya kwanza tu, nao ndege hawakufa.

Mume wa fundi aliipenda picha hiyo kupita kiasi. Alikuwa dereva wa boza la maji, mtaa mzima ukimwita Boza, na kutwa kucha alishinda akigombezwa na watu wenye ndoo tupu na mabomba makavu. Jioni alivua viatu, akaketi kwenye kiti chake mbele ya picha, akatazama maji yasiyoisha wala kuhitaji dizeli. Uso wake hapo ulitulia kwa namna ambayo haukuwahi kutulia kwa chakula cha mkewe, hata kiwe kitamu vipi. Hilo nalo lilimuudhi fundi.

Lakini fundi alikuwa na lake. Chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa unga, alificha kitambaa kikubwa alichokiunga mwenyewe kwa mabaki ya nguo za wateja: kipande cha shela la bibi harusi, mfuko wa sare ya shule, ukosi wa shati la mzee aliyefariki kabla hajaja kulichukua. Kila kilichotoka mkononi mwake kilivaliwa na mtu kikaenda zake, na neno la mwisho alilosikia ni kwamba kiuno kinabana. Alitaka kimoja tu kibaki. Kitundikwe sebuleni, watu waingie, wakione. Na sebule ile ilikuwa na ukuta mmoja tu wa maana.

Kuomba, angeweza kuomba. Ila picha ilitoka kwa dada mtu, tena dada aliyemlea Boza tangu hajui kufunga kamba za viatu, na kuigusa picha ya dada ni kumgusa dada mwenyewe. Fundi akaamua kuihamisha bila kumwambia mtu.

Kila Jumamosi, mume akishatoka, aling'oa msumari na kuupigilia shubiri moja karibu zaidi na korido. Tundu la zamani aliliziba kwa kipande cha sabuni nyeupe, akalisugua kwa kidole mpaka likalingana na rangi. Shubiri moja, nani ataiona? Wiki ya kwanza Boza aliketi, akakunja uso, akasogeza kiti kidogo. Wiki iliyofuata akakisogeza tena. Fundi alikuwa jikoni, amejiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo.

Mambo yakaenda hivyo, picha mbele, kiti nyuma, mpaka maporomoko yakafika pembeni ambako ukuta umekwisha. Hapo sasa palihitaji moyo. Siku Boza alipopeleka maji mbali, fundi alikata kona: akaitundika picha ndani ya korido, ikatazamana na mlango wa choo. Akavuta waya wa umeme hadi huko, kisha akakaa kusubiri kesi.

Boza alirudi, akasimama koridoni mbele ya picha.

"Huku hakuna jua," alisema. "Maji yanaonekana vizuri zaidi."

Akaenda kubeba kiti chake. Tangu jioni ile, kila aendaye chooni alilazimika kuiruka miguu ya mwenye nyumba. Fundi alimwonea huruma, lakini si huruma ya kurudisha picha. Asubuhi yake alikitoa kitambaa kwenye mfuko wa unga, akakipiga pasi, akakitundika, akakitazama mpaka wateja wakaja kumgongea. Alikuwa na furaha, tena furaha ya mwizi.

Haikudumu. Wifi alipiga simu: anakuja Jumapili kuwasalimia, na kuona maporomoko yake yanaendeleaje.

Fundi alishika nyundo, akaiweka chini, akaishika tena. Alijua kitambaa kikishuka leo kitarudi chini ya kitanda na hakitatoka tena maishani. Akakiacha, akaanza kutunga uongo.

Wifi aliingia, akajaa kwenye kochi, macho moja kwa moja ukutani. Kutoka koridoni ndege wakalia.

"Wifi, mbona nawasikia ila siwaoni?"

"Tumewasogeza karibu na chumbani, wifi. Mdogo wako siku hizi hapati usingizi bila kuwasikia."

Wifi akainuka, akaufuata mlio, akaona picha, akaona kiti, akaona na mlango wa choo. Wifi alirudi akipangusa macho.

"Maskini mdogo wangu. Kumbe zawadi yangu imemwingia moyoni kiasi hicho."

Fundi nusura aangue kicheko. Kisha wifi akakigeukia kitambaa. Akakisogelea, akapitisha vidole, akavisimamisha kwenye kipande cha zambarau.

"Hili si gauni langu la harusi ya binti yangu?"

"Ndilo, wifi."

"Na shela hili ni lake?"

"Ni lake."

Wifi akanyamaza, na fundi akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa mteja yeyote: mtu ameitazama kazi yake na hana la kusema. Moyo ukamjaa. Halafu wifi akapata la kusema.

"Basi kishushe, niondoke nacho. Sebule yangu iko uchi, na hiki ni changu nusu."

Hakuwa anaomba. Wifi yule hakuwa na kawaida ya kuomba. Fundi akatafuta uongo mwingine, akakuta ameumaliza wote kwenye ndege. Akapanda kigoda, akashika ncha ya kitambaa. Machozi yalikuwa karibu, naye akayachukia.

"Kiache hapo," Boza alisema, ametokea chumbani na kusimama mlangoni pa korido.

Dada akageuka. Hakuzoea kupingwa na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimwogesha.

"Hicho hakitoki, dada. Ni cha mke wangu, na ukuta ni wake. Kama sebule yako iko uchi, chukua maporomoko."

Alilitoa neno hilo kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino. Kisha akaenda kuchomoa waya. Ndege wakakatika katikati ya wimbo, nyumba ikawa kimya kwa mara ya kwanza tangu wahamie. Akaileta picha mwenyewe, akaisimamisha miguuni pa dada yake.

Wifi aliitazama picha, akamtazama mdogo wake, akakitazama kitambaa. Alikwisha kuvuta pumzi ya kukasirika. Lakini aliona jinsi Boza alivyoishika ile fremu, akajua kinachomtoka mtu yule, na hasira ikamwishia kinywani.

"Sasa mimi dude lote hili nitaliweka wapi?"

"Lianzie sebuleni," Boza alisema, akipangusa vumbi kwenye fremu. "Wala usihangaike nalo, dada. Likitaka kuhama litahama lenyewe, shubiri moja kila Jumamosi."

Juu ya kigoda, fundi alikigeukia kitambaa chake, akaanza kunyoosha mkunjo ambao haukuwepo.