Damu Safi ya Meaza

Jamani, sindano yenyewe haikuwa hata ya Meaza. Daktari alimdunga mgonjwa, akaiacha kwenye trei chini ya pamba, akaenda zake kunywa kahawa. Meaza, muuguzi anayewafokea wanafunzi kila siku kuhusu sindano, akazoa ile pamba, ikamchoma kidole. Kwenda kumtafuta mwenye damu apimwe, loo, katoroka na bendeji yake mguuni.

Akapewa vidonge vya mwezi mzima vya kuzuia virusi vya Ukimwi, avimeze asubuhi akishakula. Na Kwaresima ndiyo kwanza imeingia! Pale mjini Gondar, nyumbani kwa mama mkwe wake, Mama Zenebech, hakuna anayetia kitu mdomoni kabla ya alasiri. Vidonge navyo vikamletea kichefuchefu, na usingizi ukampaa. Kazini aliwaambia wagonjwa, "Usiogope kusema, dada, hakuna aibu." Nyumbani alificha vidonge vyake ndani ya soksi.

Asubuhi moja mama mkwe akamfuma jikoni anatafuna mkate wa injera.

"We Meaza! Mfungo huu unakula? Una nini?"

Dagnachew, mumewe, alijua yote. Alijua pia kwamba mama yake aliacha kabisa kukanyaga kwa jirani aliyeanza kumeza vidonge vya namna ile. Akaropoka, "Ana mimba, mama!"

Tangu waoane mama alikuwa anaingoja habari hiyo. Akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia, na kuanzia hapo Meaza akalelewa kama yai. "Kula, mwanangu, Mungu anaelewa." Akitapika, mama anashangilia: "Dume hilo!" Dagnachew akahamishiwa sebuleni. "Mwache mwenzio apumzike, usimsogelee kabisa." Wa kliniki nao walikuwa wamewaonya watumie kinga, ila hawakuwa wakali kiasi hicho. Meaza alicheka, kisha akajifungia bafuni akalia. Aliogopa damu yake, na aliogopa siku mama atakapojua.

Miezi mitatu ikapita, kipimo cha mwisho kikatoka: hana virusi. Meaza alirudi nyumbani anakaribia kukimbia, na uongo ulishamchosha. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe akamwaga kila kitu, sindano, vidonge, na ile mimba ya Dagnachew.

Machozi yakamtoka Mama Zenebech.

"Kwa hiyo mtoto hakuna."

"Hakuna, mama. Tusamehe. Lakini mimi mzima! Wamenipima, damu yangu safi."

"Wamekupima," mama akasema, akijifuta kwa shali. "Mzima anapimwa nini?"

Dagnachew akavisogeza vikombe. Kahawa ilikuwa imeshaiva. Miezi yote ile ya hatari, mama alikuwa akimkumbatia Meaza, akimlisha matonge kwa mkono wake, akimalizia hata kahawa iliyomshinda. Sasa alimmiminia mwanawe, akajimiminia mwenyewe, halafu akainuka kwenda jikoni. Alirudi na kikombe cha plastiki, akakiweka chini mbele ya Meaza, mbali kidogo na vingine.

"Hiki chako, mwanangu," akasema kwa upole. "Usikichanganye na vyetu."