Mto Uliokuja Stesheni

Asubuhi moja ya baridi, mwaka 1993, mto ulifika stesheni ya Kolwezi saa kumi na mbili ukajilaza kando ya reli, hatua chache kutoka kwenye turubai la Mulumba. Mulumba alikuwa fundi umeme. Yeye na mkewe Kanku walikuwa wamefukuzwa nyumbani kwao Dilala kwa kuwa baba zao walitoka mkoa wa Kasai, na kwa siku ishirini walisubiri treni ya kuwapeleka huko, mahali ambapo Mulumba hakuwahi kukanyaga.

Mto ulikuwa na sababu. Kwa miaka kumi na tisa, kila baridi ilipoanza, Mulumba aliumiminia kikombe cha munkoyo, kinywaji cha mahindi yaliyochachuka, akautajia jina lake na la baba yake, ndipo avue. Mwaka huu hakutokea, basi mto ukatoka kumtafuta.

Mulumba hakuvua kwa funza. Alifunga manyoya ya jogoo kwenye ndoana mpaka ikafanana na nzi, akaiacha ielee juu ya maji bila risasi ya kuizamisha. Truite, samaki wa madoadoa walioletwa na mhandisi mmoja Mbelgiji, hupenda kinachoelea. Siku hiyo alivua palepale kando ya reli, na stesheni nzima ikala samaki. Wanawake walifua, wakilalamika tu kwamba maji yalikuwa baridi mno.

Kanku ndiye aliyeona maana ya ujio wa mto.

"Tata Mulumba, mayi yenyewe inakujua. Iko shahidi yetu. Batatuacha tubakie."

Mumewe akanyoa ndevu.

Saa nne akaja Mukalay na orodha ya wanaofukuzwa. Alikuwa jirani yao. Samaki haohao aliwala miaka yote mezani kwa Kanku, akilamba vidole bila haya. Akaukagua mto toka mwanzo hadi mwisho.

"Ni kweli, ilikufuata," akasema. "Lakini mayi ilizalikia hapa. Itarudia fasi yake."

"Na mi nilizalikia hapa, ku opitali ya hapa," Mulumba akasema. "Unajua."

"Juu ya mutu, tunaangaliaka baba anatoka wapi."

"Na bale samaki? Baba yabo alitoka Ulaya, mu ndoo."

Mukalay akachuchumaa, akawatazama samaki mmoja mmoja, kwa haki kabisa.

"Bale ni ba hapa," akasema, akaandika.

Treni ilifika alasiri. Mto ulijaribu kupanda behewa la tatu. Askari wakauteremsha kwa mabeseni, taratibu, wakionyana wasije wakaumiza samaki. Watu walipandishwa kwa vitako vya bunduki. Kanku alilia kwa sauti, akamtaja Mukalay kwa jina, na Mukalay akaweka alama orodhani, mbele ya jina la Kanku. Mulumba alitaka kuuaga mto, ila kwa hasira akaupa mgongo. Akaingia na nguo zilizolowa maji yake, na mlango ukafungwa kwa nje.